Mke Mwenza Wangu wa Nyaramba na Filamu Zake za Kutisha

Jumapili, jioni. Mvua ya saa nane ilinyesha kama kawaida yake, ikakoma, na sasa mtaa wetu hapa Kisii unanuka udongo na mahindi ya kuchoma. Nimevaa sweta ya mume wangu.

Mume wangu. Hii ni wiki ya saba, na bado nikiandika maneno hayo natabasamu peke yangu kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Anaitwa Mokaya. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza milango na madirisha ya chuma, na mikono yake ina alama ndogondogo za cheche ambazo nimezihesabu zote. Alikuja kwetu Nyacheki kuweka lango la kanisa, kazi ya siku mbili, akaimaliza kwa siku tisa. Mama alikuwa akiuliza lango hilo lina kasoro gani. Halikuwa na kasoro yoyote. Nilikuwa nikipita pale na ndoo kila saa, na tangi la nyumbani limejaa.

Kwa hivyo usinielewe vibaya, shajara yangu. Nina furaha hata naona haya. Lakini leo nimekuja kuungama.

Nina wivu.

Si wivu wa wasichana wa mjini wanaopita kwenye karakana yake wakijifanya wanatafuta bei ya madirisha. Hao nimewazoea. Wivu wangu ni wa mwanamke wa Nyaramba mwenye meno matatu na fimbo, ambaye mume wangu humpelekea filamu kila Jumapili.

Nyanya yake.

Nianze na hizo filamu. Mokaya hapendi za mapenzi wala za kupigana. Anapenda zile zinazovuruga akili. Hazina majitu wala damu nyingi. Zina mtu wa kawaida tu, anachemsha chai, anafagia ua, na polepole unagundua kuna kitu ndani yake kimeoza. Zikiisha haziondoki. Unaosha vyombo siku ya Jumatano na bado unamwona yule mtu amesimama kichwani mwako na ufagio wake.

Wakati wa uchumba nilimwambia nazipenda. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake. Nilichopenda ni kukaa karibu naye kwenye sofa. Filamu zenyewe nilizisikiliza kutoka nyuma ya mto. Baada ya harusi uongo ukanishinda. Wiki ya kwanza tu humu ndani aliweka moja, nikakimbilia jikoni nikaanza kukata sukuma wiki. Tulikuwa tumeshakula.

Alinifuata, akanitazama na kisu changu, akacheka, akaizima. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Usijali, mpenzi. Hii nitamalizia na Nyanya."

Nitamalizia na Nyanya. Maneno hayo yamenikaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Labda msomaji wa mbali atashangaa kwa nini nyanya na si mtu mwingine. Kwetu Wagusii kuna adabu tunayoiita chinsoni. Mtu na wazazi wake hawawezi kukaa chumba kimoja wakatazama watu wakivuliana nguo kwenye kioo. Afadhali uanguke mtoni. Mimi na baba mkwe ndiyo kabisa, hata nyumba yangu haingii. Lakini kati ya mjukuu na nyanya yake hakuna aibu. Wanataniana watakavyo. Nyanya humwita Mokaya "mume wangu", na siku ya harusi yetu alinishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Karibu, mke mwenza. Mimi nimemlea, wewe utamfulia."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini Ekegusii kina neno maalumu la wivu wa wake wenza, engareka, na naona neno hilo limenipata kwa sababu ya mwanamke wa zaidi ya miaka themanini.

Sasa ungamo lenyewe. Jumapili iliyopita niliificha flashi ya filamu. Niliifunga kwenye kitambaa nikaizika ndani ya mkebe wa unga wa wimbi.

Mokaya aliitafuta asubuhi yote. Aliinua godoro, akamwaga mkoba wa vifaa vyake, akaniomba radhi kwa kuvuruga nyumba. Aliniomba radhi mimi. Mwishowe hakwenda. Nilipika kuku, nikavaa lile gauni la kijani, tukakaa wawili siku nzima kama nilivyotaka. Yeye akawa anatazama dirishani. Jioni akasema tu, "Leo ameketi mlangoni bure." Jumanne nikajifanya nimeipata flashi nyuma ya kabati.

Ndiyo maana leo nilisema twende wote. Niliapa kwamba nitatazama hadi mwisho, na yule mama ataona kuwa mume huyu ana mtu wa kukaa naye.

Nyanya alikuwa mlangoni, kitenge mabegani. Alinisikia kabla sijasalimu.

"Huyo wa pili ni nani? Mke mwenza? Umekuja kunichunguza?"

"Nimekuja kutazama sinema, Nyanya."

"Hm. Umebeba mto?"

Mokaya alikuwa amemsimulia habari ya mto. Nilimwangalia, akaangalia migomba.

Wana desturi yao. Kabla filamu haijaanza, Mokaya humwekea flashi kiganjani, naye huishika kidogo kana kwamba anaibariki, kisha humrudishia. Leo aliishika, akasita, akaipeleka puani.

"Hii kitu inanukia wimbi."

Mokaya akashangaa. "Wimbi?"

Nyanya alinigeuzia uso. "Panya," akasema. "Mvua zikizidi, panya huhamisha vitu vya watu." Akampa flashi, akanipapasa goti.

Halafu akakaa, na nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona, kwa sababu siku zote nilizokuja tulikuwa wengi. Alikipa kioo mgongo. Aliketi akimwelekea Mokaya, si kompyuta. Macho ya Nyanya yana ukungu mweupe. Haoni filamu hata kidogo. Mokaya humsimulia.

Laiti ungesikia ile sauti, ungenielewa. Ilikuwa ya chini, ya polepole, Ekegusii kizuri cha watu wa zamani. "Sasa mwanamke ameamka. Anafungua pazia. Nje hakuna mtu." Mimi mwenyewe ninashona mapazia, hiyo ndiyo kazi yangu, na sijawahi kusikia neno pazia likitamkwa hivyo. Mimi huletewa "nakupenda" kwa meseji, na moyo wangu unarukaruka siku nzima. Nyanya hupewa saa mbili nzima za sauti ile, akimwona yeye tu hata bila macho. Wivu ulinipanda hadi masikioni.

Filamu ilikuwa ya mama mmoja ambaye mtoto wake amepotea. Polisi wamechoka, majirani wamechoka. Lakini kila jioni simu inalia, na ni mtoto. Anasema yuko salama, kuna baridi, mama aje. Mama anatafuta kila mahali. Kila jioni simu inalia tena.

Katikati mama huyo aliingia kuoga, na papo hapo tukasikia kikohozi cha baba mkwe langoni. Sijaona bibi mzee akienda kasi vile. Kitenge kilikuwa juu ya kompyuta kabla Mokaya hajageuka, na Nyanya akawa anauliza kwa sauti kubwa mkungu wa ndizi unauzwaje Kisii siku hizi. Baba mkwe alisalimu kutoka nje, akaulizia mvua, akapita. Sote watatu tulikuwa tumeziba midomo. Kwa dakika hiyo moja nilisahau kwamba ni adui yangu.

Simu ikalia tena. Nyanya akainamisha kichwa. "Huyo mtoto anavuta pumzi kama mama yake," akasema.

Mokaya akamjibu haraka. "Ni mtoto wake, Magokoro. Wamefanana." Hivyo ndivyo anavyomwita, yaani nyanya kwa Ekegusii.

Kufika mwisho nilishindwa. Mama alishika mshumaa akaelekea nyuma ya nyumba, watu wakaacha kuongea, ukabaki muziki tu, na mimi nikajifunika leso usoni. Kiapo changu chote kiliishia hapo. Nikabaki na sauti ya mume wangu, kama Nyanya.

"Anafungua mlango wa ghala," Mokaya alisema. "Kuna giza. Anainua mshumaa. Na yule pale, Magokoro. Mtoto. Amekonda, lakini yuko hai. Ana simu mkononi. Mama anamkumbatia."

Nililia ndani ya leso kwa furaha. Nyanya akapiga makofi mara moja, akasema, "Sasa nitalala vizuri."

Mokaya akatoka kwenda kututafutia ndizi za kubeba. Nyanya alisubiri hadi hatua zake zikaisha.

"Omoriakari," akaniita, bibi arusi. "Futa machozi. Mtoto amekufa."

Nilidhani sijasikia.

"Amekufa tangu mwanzo. Na anayepiga simu ni mama yake mwenyewe. Muziki wa watu waliompata mtoto haulii hivyo. Macho yangu yamezeeka, masikio bado." Alicheka na meno yake matatu. "Miaka yote hii, sinema za huyu kijana hazijaua mtu hata mmoja. Unafikiri mimi ni mjinga?"

Nikamuuliza kwa nini hamwambii.

Alitafuta mkono wangu. Mama yake Mokaya alifariki Mokaya akiwa na miaka sita, hilo nalijua. Nisilokuwa nikilijua ni kwamba Nyanya hakuweza kumwambia. Alimwambia mama yuko Nyacheki, anachuma chai, atarudi majani yakipungua. Alimwambia hivyo mwaka mzima. Kila jioni mtoto aliuliza, na kila jioni Nyanya alimpa habari mpya kutoka Nyacheki: mama amenunua viatu, mama amekusalimu. Hadi watoto wenzake walipomwambia ukweli shuleni.

"Hakunigombeza," Nyanya alisema. "Alikuja akakaa hapo ulipokaa. Sasa amekuwa mkubwa, ananipa na mimi mwisho mzuri. Nimkataze?"

Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Halafu akaenda Nyacheki kweli, akarudi na wewe."

Nimejaribu mara tatu kuandika nilivyojisikia hapo, na nimefuta mara tatu.

Tumerudi. Mokaya alikuwa jikoni akimenya ndizi, mimi nikasimama mlangoni. Sikumwambia siri ya Nyanya, kwa kuwa nilimwahidi mzee huyo nitaitunza. Nilimdanganya kidogo tu: nilisema nilichungulia kupitia nyuzi za leso.

"Niambie mwisho," nikasema.

Kisu kilisimama. "Uliuona?"

"Nataka uniambie wewe. Kwa sauti ile."

Aliniangalia kama siku ile ya lango. "Unataka upi?"

"Ule mzuri ni wa mke mkubwa," nikamwambia. "Mimi nipe wa kweli."

Akanawa mikono, tukakaa kwenye sofa, nikaupa mgongo ukuta, nikafumba macho. Akaniambia. Mama mwenye simu mbili, moja kwa kila sikio. Sauti ya mtoto ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Kisima cha nyuma ya nyumba, na mkono wa mama huyo uliokifunika. Hakuruka hata neno. Ilikuwa mbaya kuliko nilivyoogopa, na alipomaliza ni yeye aliyekuwa akitetemeka, si mimi. Nilimshika hadi akatulia. Sikuhitaji mto.

Sasa amerudi kwenye ndizi zake, namsikia akiimba vibaya, na mimi nimekaa hapa na siri ya mke mwenza wangu. Jumapili ijayo nitaibeba flashi mwenyewe, mfukoni, mbali na wimbi.

Lakini bado moyo wangu unauliza, na hakuna wa kuujibu: kati ya yule anayetungiwa mwisho mwema na yule anayeambiwa ulivyo, ni nani anayependwa zaidi?