Zawadi ya Taa za Zenoni

Mdogo wangu,

Ukiamka, toa hizo balbu za zenoni kwenye gari langu, urudishe za zamani. Zimo kwenye kopo la kahawa, bisibisi iko juu yake. ~~Wali nimekuachia kwenye friji.~~ Wali nimeondoka nao.

Alfajiri ya leo dereva wa lori alipigwa na mwanga wa zawadi yako usoni, akaingia mtaroni. Hakuumia, ila matusi aliyonimwagia hata shetani angeziba masikio. Trafiki akaniuliza, "Dada, hizi taa za gari au za uwanja wa mpira?" Taa zangu zimeundiwa balbu za kawaida. Ukitia zenoni, mwanga unatawanyika ovyo, na sheria inakataza. Leseni yangu kaizuia mpaka gari likaguliwe upya. Sasa naenda kumweleza bosi kwa nini leo basi la shule halina dereva.

Jana ulisema hukuniuliza kwa kuwa zawadi haiombewi ruhusa. Haya. Pikipiki yako nyeusi nimeikokota kwa fundi rangi. Itarudi ya waridi, mpaka kwenye tangi.

Mimi lakini nilisoma sheria kwanza. Kubadili rangi kunaruhusiwa, mradi ukabadilishe kadi ya pikipiki isomeke waridi.

Dada yako mpenzi