Upande wa Nyuma wa Karatasi

Kibondo,
6 Aprili 2014

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na kaka na watoto wake, na goti lako lisikusumbue sana na mvua hizi. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo sijui niielezeje.

Umeniandikia kwamba unawatambia wenzako kanisani kuwa mwanao ni daktari. Mama, nilishakueleza, mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kila Jumatatu nakaa na watu wazima wanaoumwa kichwa. Nawafundisha jinsi shingo iliyobeba ndoo na mihogo tangu utotoni inavyokiumiza kichwa, na namna ya kurudisha kidevu nyuma mara kumi, asubuhi na jioni. Nina karatasi ya kuwagawia. Mbele kuna michoro ya mazoezi. Nyuma kuna dalili ambazo mtu akiwa nazo asifanye mazoezi, aonwe na daktari haraka.

Mwezi wa kumi alikuja dada mmoja wa Kitahana, Epifania, umri wake kama wangu, ndiyo kwanza ameolewa. Kiswahili kinampa shida, na Kiha changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo mama mkwe wake, Bibi Immakulata, ndiye aliyetutafsiria. Epifania alieleza kwa muda mrefu, macho chini. Bibi akafupisha: kichwa kinamuuma, hasa akiamka. Akaongeza la kwake, kwa furaha, kwamba siku hizi mkamwana wake anatapika asubuhi, basi nyumba inasubiri mjukuu. Huku mwanamke hamkatizi mama mkwe wake mbele ya mgeni.

Hakuna mjukuu aliyekuja. Mwezi wa kwanza macho yakaanza kuona ukungu, wakadhani ni uchovu wa kuvuna maharage. Mwezi wa pili hakuona kabisa. Alipelekwa hospitali Mwanza, na huko walimweleza mumewe, Tharsisi, kwamba maji yalijaa ndani ya fuvu yakabana mishipa ya macho, na kwamba angefika miezi mitatu mapema pengine wangeyaokoa. Maji wameyapunguza. Macho hayatarudi.

Jumatatu iliyopita alikuja tena, kashikwa mkono na mama mkwe. Nilidhani wamekuja kunitukana, na ingekuwa haki yao. Walileta mkungu wa ndizi, wakaniomba msamaha. Epifania alisema, na safari hii Bibi alitafsiri neno kwa neno, kwamba wakati wa mavuno aliruka mazoezi siku tisa, na anajua hiyo ndiyo sababu. Sasa anayafanya mara tatu kwa siku. Aliuliza kama akifikisha nne ataona.

Mama, sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ya kwanza foleni ilikuwa ndefu nami nilikuwa nimechoka. Niliposikia habari ya kutapika nilicheka na Bibi, nikampa Epifania hongera. Sikumgeuzia karatasi. Kutapika asubuhi kumeandikwa nyuma, mstari wa pili, na karatasi ile niliitunga mwenyewe. Aliporudishwa kutoka Mwanza, kabla mkubwa wangu hajaitaka kadi ya Epifania, niliandika kwenye kadi hiyo kwamba alielezwa dalili zote akakana kuwa nazo. Mkubwa wangu akanisifu kwa kutunza kumbukumbu.

Na Jumatatu nilipokea ndizi. Nilimwambia kwamba mazoezi mara tatu kwa siku yanatosha.

Unasema kichwa kimeanza kukuuma tena, na kwamba unafanya mazoezi niliyokutumia Krismasi. Nawe nilikutumia upande wa mbele tu. Acha kwanza mazoezi hayo. Kikizidi ukiamka, ukitapika, au macho yakiona ukungu, kaka akupeleke hospitali siku hiyohiyo. Usingoje barua yangu.

Kesho ni Jumatatu, na Epifania atakuja tena. Muuguzi ninayefanya naye kazi, Generosa, amenifundisha kusema kwa Kiha kwamba kosa ni langu. Hakuniuliza nataka kumwambia nani. Wiki nzima nimeyarudia maneno hayo mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, na bado sijui kama kesho nitaweza kuyatamka.

Nisalimie wote wanaoniulizia. Kanisani usinitaje kwanza.

Mimi mwanao,
Ghati