Udongo wa Mama Haujachoka

Dada Mwende,

Kariobangi kuna manyunyu na baridi, nami nakula sukuma wiki peke yangu. Leo nimebishana na jirani, Mama Zuhura, anayepanda mboga kwenye magunia hapa ngazini. Nilimwambia majani ya mahindi yako yamegeuka zambarau, nawe wataka kuuza shamba la mama ukidhani udongo umechoka.

"Si auze tu, anunue ploti huku!"

Nikafoka: fosforasi, kirutubisho ambacho mahindi yakikikosa hugeuka zambarau, imo! Udongo mwekundu wenye asidi huing'ang'ania, mizizi ikabaki na njaa.

"Profesa, ndiyo maana hupati wageni," akacheka, akafunga mlango.

Mwaga chokaa na samadi, dada, udongo utaiachilia hiyo fosforasi. Wakumbatie watoto. Usiuze, sina kwingine kwa kurudi.

Kakako,
Musyoka