Karani Aliyeinua Mkono

Nakuru, Jumatano

Dada Wangare,

Viazi vilifika salama, asante. Mvua huku bado.

Jana kamati ya hospitali ilikaa kuamua kama itaiondoa ile tiba ya kufuata vidole vya daktari kwa macho huku ukikumbuka jambo lililokuumiza. Mimi karani huandika tu, sisemi.

"Daktari, huu si uganga?" mwenyekiti aliuliza. Wakacheka.

Daktari Chepkosgei akaeleza kwamba Shirika la Afya Duniani linaipendekeza. Wanasayansi wanabishana tu kama kule kusogeza macho kwenyewe kunaongeza chochote.

"Na hapa kwetu, imemsaidia nani?" mwenyekiti akauliza.

Daktari ananitibu mimi tangu Machi, lakini siri ya mgonjwa haimruhusu kunitaja. Niliogopa watasema karani ana wazimu. Hata hivyo nikainua mkono.

"Mimi. Siku hizi nikisikia harufu ya moshi, sikimbii."

Nisamehe, niliwasimulia nyumba yetu ya Kuresoi ilivyoteketea na ulivyonivuta nje kupitia dirishani. Hakuna aliyecheka. Tiba itaendelea.

Leo nimeandika kumbukumbu za kikao. Kwanza niliandika, "Mgonjwa mmoja alitoa ushuhuda." Kisha nikafuta, nikaandika jina langu.

Mdogo wako,
Jamleck