Harufu Iliyokuja Baada ya Idi

Magarama, Gitega. Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa inadondoka moja moja kwenye mabati.

Leo nimepata inakotoka ile harufu. Naandika huku nikinusa mikono yangu, ingawa nimeinawa kwa sabuni, kisha kwa majivu.

Ilianza siku chache baada ya Idi. Mwanzoni ilikuwa kama ya maharage yaliyolala sufuriani, ukipita unaisahau. Halafu ikawa nzito, tamu kwa namna ya kuchefua, ikaingia kwenye nguo, kwenye mkeka, hata kwenye kurasa za kitabu changu cha biolojia. Nikikifungua nasoma habari za seli na kunusa uozo.

Zamani tungefungua madirisha. Lakini dirisha la barabarani Mama alilipigilia mbao tangu tuliposikia risasi vilimani, na la nyuma linatazama ukuta. Lise yetu, shule ya sekondari, imefungwa. Giza likianza kuingia hakuna kutoka mpaka kuche. Mimi ni mtu wa kupenda kukaa ndani, watu barabarani hunitia haya, na siku zote niliona nyumba hii inanitosha. Sasa hata pumzi zetu hazina pa kwenda.

Baba yuko Muyinga.

Ndivyo tunavyosema, kila siku, kwa kila anayeuliza. Alikwenda kununua chumvi inayoingia kutoka Tanzania, kwa sababu dukani kwetu ilikwisha na majirani walikuwa wanapika bila chumvi. Alimfunga mbuzi wa Idi uani akasema atarudi kumchinja mwenyewe. Kisha njia ikafungwa. Siku hizi magari hutembea kwa msafara, yakisindikizwa na wanajeshi, tena siku yanapotembea. Yamekuja mara kadhaa. Baba hakuwemo.

Nilipokuwa mdogo aliwahi kunipeleka Muyinga. Nakumbuka magunia yamepangwa hadi darini, na Baba akinimiminia punje za chumvi kiganjani nizionje, eti mimi ndiye mnunuzi. Nilikunja uso nikasema ni nzuri. Akalipa.

Nyumbani kwetu, siku ya Idi ya kuchinja, hakuna anayegusa nyama kabla ya Baba kuonja ini la mnyama wake. Anatoka msikitini hajatia kitu mdomoni. Mama humkaangia ini kwa kitunguu, nasi tunasimama tukimwangalia, naye anatafuna polepole makusudi, anafumba macho, anaomba maji, mpaka Bibi amgombeze. Bibi ni mama yake, ndiye pekee anayeweza.

Mwaka huu sheikh alichinja kwa jina la Baba. Mama alikaanga ini, akalifunika kwa sahani. Jioni Bibi akasema tule nyama, Mungu anajua hali yetu. Tukala. Kesho yake sahani ilikuwa imeoshwa, na Mama akasema ini alimpa maskini mmoja mlangoni pa msikiti. 

Asubuhi ya leo Mama Furaha alikuja kuomba makaa ya kuwashia mbabula yake, jiko lake la mkaa. Ni Mkongo wa Uvira, anauza vitenge, amepanga chumba chetu cha nyuma. Alisimama mlangoni na kitenge puani.

“Mi nawaambia, iko panya njo imekufia humu. Panya mukubwa! Pengine iko na bibi na watoto, nabo wanalia.”

“Basi tuonyeshe alipo tumsomee marehemu,” Bibi akasema, na wote wawili wakacheka.

Mimi pia nilicheka. Mama aliweka chini kisu cha vitunguu, akachukua ndoo, akaenda bombani. Katika mvua.

Hapo ndipo nilipoamua kuitafuta. Kitabu changu kinasema ukitaka kujua sababu ya jambo, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikafunga milango yote. Nikaanza na choo cha uani: kilinuka kama choo, si zaidi. Nikakung'uta magunia matupu ya chumvi, nikavuta kabati, nikainua mkeka wa Bibi naye bado amekaa upande mmoja. Hakuna panya. Kisha nikasimama katika kila chumba, macho nimeyafumba.

Chumbani kwa Mama sikusikia ile harufu. Nilisikia udi. Mama anafukiza udi kila jioni, chumbani kwake tu, nami nilidhani ni kwa ajili ya dua. Sasa nikajiuliza kwa nini chumba kimoja tu.

Nikarudi, nikapita tena pazia la mlangoni pake. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati la Baba, ambalo hakuna anayeligusa. Ndani nikakuta kanzu yake ya Idi, imepigwa pasi. Katikati ya kanzu kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Kifuniko kilikuwa kigumu.

Sitaandika nilichokiona. Kitunguu bado kilijulikana.

“Lifunike.”

Mama alikuwa amesimama kwenye pazia, ndoo mkononi, maji yakimchuruzika usoni. Sikujua yapi ni ya mvua.

“Nilijua atakuja na msafara wa kwanza,” alisema. “Halafu nikasema wa pili. Ningelitia chumvi lingekaa, mwanangu. Lakini chumvi anayo yeye.”

Nikasema tulitupe. Nilisema taratibu kabisa.

“Nikilitupa nitakuwa nimesema nini?”

Mimi husifiwa kwa kusoma. Nilichoweza ni kurudisha kifuniko.

Bibi akaja, akishika ukuta. Alinusa, akatazama kopo, akatazama kanzu. Nilidhani atalia. Akaketi kitandani.

“Mkwe wangu, mwanangu hajawahi kula kitu kilichooza. Mchuzi ukilala tu anakunja uso. Unataka akifika tumlishe hicho?”

Mama akacheka, kicheko kikageuka njiani. Bibi akamshika mkono mpaka kikaisha.

“Akija tutamchinjia,” Bibi akasema. “Hata kuku. Kuku naye ana ini.”

Tulilizika lile ini chini ya mgomba kabla giza halijaingia. Mama alichimba mwenyewe, jembe hakutaka kunipa. Mama Furaha alitushikia mwavuli.

“Panya alikuwa mukubwa?”

“Mnene,” Bibi akajibu. “Kama ulivyosema.”

Mama Furaha alitazama kopo, akamtazama Mama. Alibaki kashika mwavuli juu ya Mama, yeye mwenyewe akilowa.

Kanzu tumeifua, inakauka jikoni. Kopo Mama amelisugua kwa majivu hadi likang'aa, akaliweka juu ya rafu, mdomo wazi. Nililichukua nihifadhie viberiti. Akalirudisha palepale.

“Hilo ni la chumvi.”

Nyumba hainuki tena. Nilidhani nitapumua. Badala yake nimekaa hapa na taa ya mafuta nikiogopa kuliko jana. Ile harufu ilinitesa, lakini ilikuwa fungu la mtu anayetarajiwa. Sasa yamebaki kopo tupu na kanzu inayodondosha maji, na Mama upande wa pili wa pazia. Leo hakufukiza udi.

Na mimi, ningekuwa yeye, ningelitupa siku gani?

Kesho nitamwomba tung'oe ubao mmoja wa dirisha la barabarani. Ule wa juu tu, risasi haziangalii juu sana. Atasema harufu imekwisha, hewa ya nini tena. Nitamwambia si kwa ajili ya hewa. Nataka msafara ukipita niweze kuona nani anashuka.