Oili Niliyoitia Baada Yako

Ndugu yangu Ojambo,

Siku ya kumaliza matanga yako lilisemwa jambo lisilo kweli, na watu wote wakaliamini. Walisema gari lako lilikufa njiani kwa uzee. Nakuandikia ili walau wewe uipate habari kamili.

Uliponikabidhi ufunguo pale kitandani ulinipa kazi mbili. Nimtunze Mzee, gari lako la kabla ya vita, na siku ya matanga nimlete mama yako kutoka Mwello, maana miguu yake sasa haimfikishi hata kisimani. Ndugu zako hapa Busia walikubaliana kwamba katika kunyoa nywele za msiba yeye ndiye atakayenyolewa wa kwanza.

Oili ilikuwa imekwisha muda wake, nikaenda kununua nyingine Tororo. Wewe ulikuwa ukitia ile ya kawaida isiyo na dawa, namba thelathini wakati wa mvua, arobaini wakati wa kiangazi. Muuzaji alinionyesha mkebe wa oili mpya, yenye dawa ya kusafisha injini. Nilisoma maandishi yake mara mbili. Nilikumbuka maneno yako: "Hii ni mzee, usimuoshe tumbo. Ule uchafu amezoea kulala nao." Nilikumbuka pia kwamba nilikuuliza, kama ninavyomwuliza kila shahidi kazini kwangu polisi, nani kasema. Ulijipangusa mikono kwenye kaptula, ukanijibu, "Injini imesema."

Niliona huo si ushahidi. Mkebe ulikuwa na maandishi, nikaitia.

Siku mbili za kwanza Mzee alinguruma laini kuliko nilivyowahi kumsikia. Nilijisifu, Ojambo. Nilifikiri, ungekuwepo, ningekucheka.

Siku yenyewe Mama alikaa mbele, amevaa gomesi ya buluu, kikapu cha wimbi mapajani. Njia nzima alinieleza jinsi ulivyokuwa ukinusa oili ya geaboksi kabla ya kuitia, na ikinuka vibaya unairudisha dukani kwa sababu inakula shaba. Alisema ulianza kunusa vitu ukiwa mtoto, hata uji.

Tulipokaribia Dabani mshale wa kipimo cha oili ulianza kushuka. Niliuona. Tulikuwa tumechelewa na zilibaki maili chache, nikaendelea. Injini ikaanza kugonga, kisha ikakwama, tukasimama. Mama aliutazama mshale, akaniambia bila ukali, "Ojambo alikuwa nasimama mapema."

Mtu mmoja alimpakia kwenye baiskeli. Mimi nilifuata kwa miguu na kikapu. Tulipofika, wazee walikuwa wamengoja mpaka wakachoka, watu wamenyolewa, wembe umeoshwa na kufungwa kitambaani. Mama yako alinyolewa peke yake nyuma ya nyumba. Shangazi yako ndiye aliyeshika wembe. Walipomuuliza Mama kilichotuchelewesha alisema gari limezeeka. Alinitazama, nikainamisha kichwa. Miaka yote hii nimewauliza watu kwa nini walinyamaza, na siku hiyo nilinyamaza mimi.

Kibanda chako sasa kina fundi mwingine na kufuli jipya. Mzee alipokokotwa hadi hapo, alifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mbele yangu. Dawa ilikuwa imeng'oa tope la miaka yote, tope likaziba chujio, oili haikupanda. Beringi mbili zimeyeyuka. Aliniuliza ni nani aliyetia oili hii. Nikasema ni mimi. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.

Bado napita hapo asubuhi nikienda kazini. Mara mbili nimepunguza mwendo ili unitanie kuhusu viatu vyangu. Halafu nakumbuka.

Beringi zinamiminwa madini upya. Oili ya zamani, namba arobaini, nimeipata ng'ambo, upande wa Kenya. Nimeidondosha nyuma ya kiganja ulivyokuwa ukifanya, nikaitazama inavyotambaa. Sijui unachokiona wewe hapo, lakini nitajifunza.

Jumapili nitakwenda Mwello kwa basi kumwambia mama yako kilichotokea, na nitamwomba aniruhusu niwaambie ndugu zako. Mzee akiamka, nitamleta Mama kaburini kwako. Tutakuja polepole, na mshale ukishuka hata kidogo, nitasimama.

Lala, ndugu yangu.