Likizo ya Kukaa Tu

Kingsbury, London
8 Septemba 2024

Kaka Philemon,

Hujambo, ndugu yangu? Shemeji Gaudensia hajambo, na goti lake limepoa? Binti yenu Angel na wanawe je? Sisi huku wazima. Mvua inanyesha, lakini mvua ya London si habari ya kumwandikia mtu.

Unajua duka la magazeti tumeliuza tangu Mei. Kila asubuhi naamka, navaa viatu, nafika mlangoni, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Alka ananitazama tu na kikombe chake cha chai.

Sasa sikiliza mambo. Mwanangu Hemal na mkewe Tejal walimwuliza mama yao anataka zawadi gani ya kustaafu. Mimi nikadhani atasema bangili. Arre! Akafungua mkoba, akatoa picha aliyoikata gazetini wakati bado tuna duka. Kijiji cha pwani huko Karibiani, kinaitwa Old Jetty. Barabara moja, mitumbwi michache, kibanda cha kuuza samaki na soda, na nyumba ndogo ya mbao yenye baraza inayotazama bahari. Barazani kuna viti viwili. Basi, hakuna kingine. Watoto wamelipia nyumba hiyo hiyo na ndege, tunaondoka Jumamosi ya mwisho ya Novemba.

Nikamwuliza Alka, tukafanye nini huko? Akasema, "Tukae." Nikasema haya, tukishakaa? Akasema, "Tuendelee kukaa."

Bwana wee, mimi sijui kukaa! Wewe ni shahidi. Pale Bukoba, kwenye baraza ya duka la baba, wewe ulikuwa umekaa kwenye cherehani ya mzee wako, mimi nasimama napima mchele. Nikaja huku nikasimama nyuma ya kaunta mpaka magoti yakalia. Mtu anakaaje wiki nzima? Anatazama nini? Nimemwuliza Hemal, akacheka akaenda zake.

Nijibu, na usiandike kifupi. Wajukuu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, na Alka siku hizi anakitumia akikasirika tu.

Ndugu yako wa barazani,
Mansukh


Bukoba
16 Septemba 2024

Ndugu yangu Mansukh,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti la Gaudensia linamsumbua akitumwa, akienda harusini halimsumbui. Naandika kwa mkono kama kawaida, Angel atapiga picha akutumie kwa simu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani macho yameanza. Nikauliza, safari hii nani kafa? Hakuna. Nani anaoa? Hakuna. Sasa mnakwenda kwa nani? Hamumjui mtu hata mmoja! Kaka, mnavuka bahari nzima kwenda mahali ambako ukiugua hakuna wa kukupikia uji? Mimi hata Mwanza siendi kama sijui nitafikia kwa nani.

Angel anasema siku hizi hiyo inaitwa kula bata. Nimemwambia Mansukh hali hata kuku, bata atamweza wapi.

Gaudensia ameuliza jambo moja tu: huko Alka atapika? Nikamwambia sijui. Basi amenikalia kooni, anataka jibu. Niambie nipate amani.

Kaka yako,
Philemon


Kingsbury, London
6 Oktoba 2024

Kaka Philemon,

Habari za huko? Natumaini wote hamjambo. Huku mafua kidogo, si ya kutisha.

Swali lako limenitesa. "Mnakwenda kwa nani?" Nilikuwa nakunywa chai nalisikia, nakwenda hekaluni nalisikia. Ulisema kweli. Watu wazima hawaendi mahali hawana mtu. Lakini nimepata dawa. Kama huko hatuna watu, tunakwenda na wa kwetu!

Haikuwa kazi. Mdogo wangu Ravi alinipigia simu na ile sauti yake: "Nasikia mnasafiri." Sasa ningesemaje? Kwetu mtu akishasema nasikia mnasafiri, umeshamwalika. Amefiwa na mke, yuko peke yake, nimwache? Surinder wa nyumba ya pili akasikia. Huyo ndiye aliyetulisha wakati Alka ameugua, nimwache? Halafu Imran aliyekuwa akituletea magazeti dukani, na mkewe Afra. Hemal na Tejal nao wakaona afadhali waje na watoto. Philemon, nimefurahi kama mtu anayejaza basi.

Nimetengeneza ratiba. Asubuhi mazoezi ya viungo, kisha matembezi, kisha maporomoko ya maji, jioni nyimbo za ibada, bhajan. Hakuna saa iliyo tupu. Sufuria ya presha iko sandukuni tayari, na achari, na siku ya mwisho tutapika chapati zetu za uwatu zitakazotosha wiki, maana nani ajuaye watu wa huko wanakula nini.

Mwambie shemeji kwamba ndiyo, Alka atapika, lakini Tejal na Afra watamsaidia. Kwa hiyo ni mapumziko kabisa.

Kila nikimweleza Alka jambo jipya anasema, "Sawa." Nilidhani atashangilia. Pengine ni uchovu.

Ndugu yako,
Mansukh


Bukoba
19 Oktoba 2024

Mansukh ndugu yangu,

Tunakusalimu. Sisi hatujambo ila mimi, na utaona kwa nini.

Nilikuwa namsomea Gaudensia barua yako huku anamenya ndizi. Nilipofika kwenye sufuria ya presha akaweka kisu chini. Akauliza, "Alka kasemaje?" Nikasema, kasema sawa. Akauliza, "Amesema mara ngapi?" Nikamwambia, kila mara. Akasema, "Yesu na Maria." Nikamwambia mama, sawa ni sawa. Kaka, alinitazama! Siku hiyo nilikula ndizi bila maharage, na mpaka leo sijui kosa langu ni lipi.

Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, kwa hiyo sikushauri. Nasema tu kwamba lile swali la mnakwenda kwa nani lilikuwa utani wangu wa kizee. Ukilifuta sitanuna. Na kabla hujaongeza mtu mwingine, mwulize mwenye picha alitaka nini. Hayo ya mwisho ameyasema Gaudensia, mimi nayaandika tu.

Kaka yako,
Philemon


Kingsbury, London
24 Novemba 2024

Kaka Philemon,

Salamu, na unisamehe kimya. Nilikuwa sina nafasi na sasa sina raha.

Ushauri wa shemeji niliuona. Nikajiambia, kumwuliza Alka? Mke niliyezeeka naye dukani, nimwulize anataka nini kama mteja? Sikumwuliza.

Ile nyumba ya mbao isingetutosha, ina chumba kimoja. Kwa hiyo niliiachia, nikapata nyumba kubwa mjini, mlimani, ina jiko la maana. Old Jetty tungeenda kwa basi siku ya Jumatano, tupige picha, turudi. Nikatangaza habari hiyo jana mezani, wote wako pale. Ravi alipiga makofi. Alka akaondoka, akaenda jikoni. Nilipomfuata nikakuta ile picha, aliyokuwa ameibandika kwenye friji, haipo tena.

Halafu akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu kabisa: "Mimi siendi. Nendeni ninyi. Nyumba hii ikibaki tupu wiki nzima, hiyo ndiyo itakuwa likizo yangu."

Nikacheka, nikidhani utani. Hakucheka. Leo amekunja nguo zangu zote vizuri, ameziweka sandukuni, za kwake amezirudisha kabatini.

Sielewi, Philemon. Sielewi! Nimekosa nini? Nimeita watu wanaompenda, nimebeba chakula anachokipenda, sikumsahau mtu. Mwanamke analilia bahari, unampa bahari na watu juu yake, anakataa? Nimekasirika, na nikishakasirika naogopa. Maisha yote tumekuwa ubavu kwa ubavu kwenye kaunta, tunatazama mlango, tunatazama wateja. Sasa mlango haupo, na nikimtazama usoni sijui anawaza nini. Akibaki, naona kama atabaki moja kwa moja, hata nikirudi.

Jumamosi ndiyo safari. Nifanye nini? Nijibu upesi.

Ndugu yako,
Mansukh


Bukoba
25 Novemba 2024

Mansukh,

Salamu zingoje. Senene wameanza kuanguka, mji mzima uko nje na ndoo, lakini Gaudensia ameniketisha kwanza nikuandikie.

Mimi sijui ufanye nini. Nikimwuliza Gaudensia, anasema atakuuliza swali moja tu, na jibu lake utalipata wewe mwenyewe. Kwenye ile picha palikuwa na viti vingapi?

Kaka yako,
Philemon


Bukoba
2 Desemba 2024

Ndugu yangu,

Hujambo? Mko wazima? Jumamosi imepita, jana imepita, simu ya Angel iko kimya. Hatujui kama uko Karibiani unafanya mazoezi ya viungo, au London, au umezama na sufuria yako. Gaudensia haniulizi kitu, ila kila simu ikilia anageuka. Senene nimewala bila kuwahisi ladha. Andika hata neno moja.

Sisi ndugu zako,
Philemon na Gaudensia


Kingsbury, London
3 Desemba 2024

Kaka Philemon, na shemeji Gaudensia,

Hamjambo? Mimi mzima. Mafua yamepanda, na nitawaambia nimeyapata wapi.

Viti vilikuwa viwili. Swali hilo nililijibu moyoni siku ile ile, shemeji, lakini sikuelewa linahusu nini. Nikajiambia viti si shida, nyumba kubwa ina viti chungu nzima. Jumamosi nikapanda gari na wenzangu. Alka alisimama dirishani akapunga mkono. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililonivuruga, maana sikuwa nimeliona tangu mwezi wa tisa.

Uwanja wa ndege tukapanga foleni ya mizigo. Ravi akanishika bega, akaniuliza, "Kaka, kwenye ndege utakaa dirishani au nikae mimi?" Swali dogo tu. Nikafungua mdomo kumjibu, nikajiona mimi na Ravi, tumekaa. Kwenye ndege tumekaa, mlimani tumekaa, Jumatano tuko Old Jetty, mimi na Ravi, kwenye vile viti viwili. Nikamwambia, "Kaa dirishani, mimi siendi."

Wote wakapiga kelele. Surinder alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nikampa Tejal ile ratiba, nikamwambia aichane akitaka. Alinikumbatia tu, akasukuma mizigo yao mbele.

Nikarudi kwa treni. Nikashuka Kingsbury, nikapita maduka yote, watu wananiita, "Mansukhbhai, si mmeondoka?" Sikusimama kumjibu hata mmoja. Hilo nalo sijawahi kulifanya tangu nifike nchi hii.

Ufunguo nilikuwa nao, lakini mlango ulikuwa na mnyororo kwa ndani. Nikagonga.

"Nani?" Kiswahili!

"Mimi."

Halafu akauliza, "Mko wangapi?"

"Peke yangu."

"Ravi yuko kwenye gari?"

"Ravi yuko kwenye ndege. Niko peke yangu, Alka. Nifungulie, mvua inaninyeshea."

Philemon, nimesimama kwenye ule mlango muda mrefu kuliko nilivyosimama kwenye mlango wowote. Nilianza kulia, mzee mzima, na masanduku barabarani. Nilidhani hatafungua, na nilijua hata asipofungua ana haki. Ndipo nikasikia mnyororo unatoka.

Alikuwa amevaa kofia ya majani. Kofia ya pwani, aliinunua Wembley zamani, sikuwahi kuiona. Sebuleni amesukuma meza pembeni, ameweka kiti kimoja cha bustani, kinatazama dirisha la nyuma. Kimoja. Sikujua nikae wapi, nikabaki nimesimama na koti langu lenye maji. Akatoka uani kwenye mvua, akafungua banda, akarudi na kiti cha pili kimelowa. Akakifuta kwa kanga, miguu yote minne, akakiweka karibu na cha kwake.

"Sasa tufanye nini?" nikamwuliza.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Nje kuna ukuta wa Surinder na kamba ya kuanikia nguo, hakuna zaidi. Usiku simu ikalia, ni Ravi, bila shaka amefika na anatafuta sufuria ya presha. Nikaiacha ilie mpaka ikachoka. Alka akachukua kipande cha chapati ya uwatu, akanigawia nusu, tukala. Baadaye kidogo akaanza kunieleza mambo ya utotoni kwao Mwanza ambayo sijawahi kuyasikia, nami nilidhani nayajua yote.

Leo ni siku ya nne tumekaa. Bado sijaelewa vizuri, sitakudanganya. Lakini siulizi tena tutafanya nini kesho. Machi tutakwenda Old Jetty. Ile nyumba ya mbao iko wazi, amepiga simu mwenyewe.

Nakuandikia nikiwa kitini. Alka ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia Philemon. Anasema nikusalimie sana, na shemeji nimpe shukrani zake, anajua za nini. Halafu ameongeza neno moja kwa Kiswahili, uso umekauka kabisa.

"Msalimie. Lakini usimwalike."

Ndugu yako wa barazani,
Mansukh